Kufundisha kuchora na kuchora mwenyewe: picha zangu zimeanza kufanana na ubao wa darasani

Mleta uzi

Wadau wa sanaa, ninaomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa wengi wetu humu tunaishi kwa kufundisha huku tukijiita wachoraji. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikifundisha sanaa katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam, na kila Jumamosi asubuhi ninafundisha watoto kumi na wawili barazani kwangu. Kabla ya ualimu nilikuwa nikila kwa brashi. Sijaacha kuchora, wala sijakosa kabisa muda wa kuchora. Shida niliyo nayo ni nyingine, na nimeigundua mwezi uliopita tu, tena kwa kinywa cha fundi fremu.

Nilimpelekea picha ya ngalawa za Kunduchi, sentimita 60 kwa 80, niliyoifanyia kazi kwa majuma matano. Fundi huyu wa Mwenge ananifahamu tangu sijaajiriwa. Aliilaza juu ya meza, akapitisha kiganja pembeni kuondoa vumbi la mbao, kisha akaniuliza bila ubaya wowote: "Mwalimu, hii ni ya kuwaonyesha wanafunzi?" Nilimjibu kwamba ni ya kwangu. Akasema ni nzuri, akavuta futi yake aanze kupima, lakini mimi moyo ulikuwa umekwisha kunitoka. Niliirudisha nyumbani bila fremu.

Usiku ule niliziegemeza ukutani picha saba nilizochora ndani ya miaka mitatu, nikavuta kiti. Katika zote saba mwanga unatoka kushoto. Chungu, mgomba, bibi anayesuka ukili, ngalawa: kila kitu kina ubavu wa kushoto unaong'aa, ubavu wa kulia wenye giza la wastani, na kivuli kilicholala upande wa kulia kwa adabu kabisa. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba darasa ninalofundishia lina madirisha makubwa upande wa kushoto, na kwamba upande wa kulia ni ukuta unaopakana na stoo. Kwa miaka tisa nimeweka chungu juu ya meza ile ile mbele ya ubao, nikawaeleza vijana wa kidato cha kwanza kwamba mwanga unaingia huku na kivuli kinaangukia kule. Wao wamefaulu mtihani wakaenda zao, na aliyebaki na somo ni mkono wangu.

Ngalawa ndizo zilizonisuta zaidi. Anayeijua Kunduchi anajua kwamba ufuo ule unatazama mashariki. Ukisimama mchangani saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukaelekea baharini, jua liko mbele yako, na ngalawa zote ni nyeusi. Huoni mbao wala rangi ya ubavu, unaona umbo la mlingoti, mirengu (zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke), na uzi mwembamba wa mwanga unaozunguka ukingo wa chombo. Ndivyo nilivyoziona kwa macho yangu, na daftari langu la penseli linashuhudia hivyo hivyo. Nilipofika mbele ya turubai nikazipa ubavu wa kushoto unaong'aa.

Kwa hiyo sitaki sana ushauri wa ratiba, ingawa nao nitaupokea. Ninauliza hivi: mtu anayeshinda mchana kutwa akieleza misingi, hufanyaje ili jioni asijifundishe yeye mwenyewe kidato cha kwanza?

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta uzi, kwa heshima, mimi naona unaizunguka hesabu. Mchoraji anayechora baada ya saa nane za kazi lazima atachora kwa mazoea, kwa sababu mazoea ndiyo yanayobaki mtu akichoka. Punguza masomo. Hilo darasa la Jumamosi linakuingizia kiasi gani hata ulipe asubuhi nzima ya siku pekee ambayo huendi shule?

Mleta uzi

Mkuu, swali ni la haki. Kila mtoto hulipa shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa hiyo wakilipa wote ni 480,000, na kwa kawaida wawili au watatu huchelewesha. Mwaka jana niliuza picha tatu. Fedha ya Jumamosi ndiyo inayonunua rangi, kitambaa na fremu. Nikiiondoa, nitakuwa na asubuhi tupu na chupa tupu. Pia nitasema ukweli kwamba nawapenda watoto wale. Kuna mmoja wa miaka sita anayechora kuku kwa kuanza na kucha.

Kuhusu uchovu sikubaliani nawe kikamilifu. Picha ya ngalawa niliichora wakati wa likizo ya Juni, nikiwa nimelala vizuri.

Mchangiaji wa tatu, Mombasa

Mwalimu, salamu kutoka pwani ya kaskazini. Mimi ni mama wa watoto wawili na ninafundisha watoto wa watu wengine wanane kila alasiri, kwa hivyo niruhusu nianze na jambo la jikoni kabla ya lile la rohoni.

Kwa miaka mingi nilitumia akriliki, kwa kuwa ndiyo ninayowafundishia watoto: haina harufu, na brashi huoshwa kwa maji. Lakini akriliki hukauka maji yake yanapotoka, na kwa joto letu hapa, rangi niliyoichanganya kwa ajili ya anga huwa imeshika ngozi sahanini kabla sijafika nusu ya anga. Rangi hiyo inadai ukae saa mbili mfululizo, na mimi sijawahi kuwa na saa mbili mfululizo tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Nilikuwa nikiharakisha, na nikiharakisha ninafanya ninachokijua tayari. Nadhani hapo ndipo tunapokutana.

Nikarudi kwenye rangi ya mafuta. Hiyo haikauki kwa kupoteza maji, bali mafuta ya kitani yenyewe hushika hewa na kugandamana polepole, kwa siku kadhaa, na rangi nyingine hata zaidi ya juma. Leo nikichora dakika arobaini kabla ya kwenda kuwachukua watoto shule, kesho nikirudi ukingo bado ni laini na ninaweza kuuvuta kwa kidole. Rangi inayobaki sahanini ninaifunika kwa plastiki na kuiweka kwenye friji, mbali na chakula na ikiwa imefungwa barabara, na mume wangu amekwisha kuzoea kufungua mlango akakuta bluu na njano zimekaa karatasi zao kama andazi la jana.

Tahadhari ni mbili. Tabaka za chini ziwe nyembamba, zenye mafuta machache, na za juu ndizo ziongezwe mafuta, la sivyo picha itapasuka baada ya muda kwa sababu ya juu imekauka kabla ya ya chini. La pili ni kubwa zaidi kwa sisi wenye watoto: usiviringe vitambaa vyenye mafuta ya kitani ukavitupa kwenye ndoo, kwa kuwa vinapokauka hutoa joto na vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Mimi huvitandaza uani, kimoja kimoja, hadi vikauke vikakamae.

Sasa la rohoni, kwa ufupi. Usichore kwa kifaa unachofundishia. Mkono ukishika brashi ile ile na rangi ile ile ya darasani, utadhani kipindi kimeanza.

Mchangiaji wa nne, mwalimu mstaafu

Vijana, nimewasoma wote, na nina pingamizi. Mnazungumza kana kwamba kufundisha na kuchora ni wake wenza wanaogombea chumba. Sanaa ya nchi hii haikuanza hivyo.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Ni takribani miaka minne tu. Alichora kwenye vipande vya hadibodi vya mraba, kama sentimita 60 kila upande, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, na ndani ya muda huo mfupi alikwisha kuwafundisha ndugu na jamaa kadhaa, ambao ndio waliobeba mtindo huo hadi jina lake likawa jina la sanaa. Hakuna anayesema kufundisha kulimla.

Mfano wangu wa pili ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, mama aliyeanza kwa kufundisha barazani kwake Kampala katika miaka ya 1930, kama wewe mleta uzi unavyofanya Jumamosi. Kisha akasoma Slade, chuo cha sanaa cha London, akarudi kufundisha Makerere. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Aliyeichora alikuwa mwalimu. Baadaye akawa balozi wetu Uingereza, kisha akarudi kwenye ualimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo anayeniambia kwamba vipindi vya sekondari vimemuua kama mchoraji, namwomba anivumilie nikicheka kidogo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimecheka nami, na mfano wa Ntiro nimeupokea bila ubishi, nitaurudia chini.

Wa Tingatinga, hata hivyo, naona unanisaidia mimi zaidi. Fikiria jinsi kazi ilivyokwenda pale. Mwanafunzi alikaa karibu na fundi, akatazama, akafanya sehemu ndogo aliyopewa, na fundi hakusimamisha picha yake ili aeleze. Picha yenyewe ndiyo iliyokuwa somo. Karakana haimtoi mwalimu kwenye kazi. Darasa linamtoa. Darasani ninasimama mbele ya vijana arobaini na watano, ninachora chungu ambacho sina haja nacho, ninakifuta, kisha ninakichora tena kwa mkondo wa pili saa nne na nusu. Chungu hicho nimekichora mara nyingi kuliko uso wa mke wangu, na hakuna hata mara moja ambayo sikujua kitakavyokuwa kikiisha.

Hapo ndipo ninapoliona tatizo. Mwalimu hulipwa kwa kujua kabla. Akisitasita mbele ya ubao, darasa linaanza kupiga kelele. Mbele ya turubai ninahitaji kusitasita. Ninahitaji kukaa na ngalawa nyeusi nisiyojua nitaifanyaje, kwa sababu nyeusi ya mwanga wa asubuhi ina zambarau, na kijani cha chini ya maji, na kitu kama kahawa iliyomwagika, na sina neno la kumwambia mwanafunzi yeyote. Mkono uliofundishwa kutositasita unakimbilia kushoto kwenye mwanga wake.

Ndiyo sababu Ntiro ananigusa, mzee. Ukitazama picha zake za Kilimanjaro, watu wanavuna, wanajenga, wanabeba vibuyu, na zote anazichora kwa kumbukumbu, kwa njia yake ya maumbo ya wazi na vilima vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Slade ilimpa mafunzo ya Ulaya, naye hakuyaacha yachukue nafasi ya kijiji chake. Sijui kama nina ubavu huo.

Mchangiaji wa nne, mwalimu mstaafu

Marahaba. Hapo umenijibu vizuri, na nitarudisha nusu ya kicheko changu.

Nikuulize jambo moja: je, unagusa karatasi za wanafunzi? Mimi niligusa kwa miaka ishirini. Mtoto akikosea mkono wa mtu, nilichukua penseli yake, nikautengeneza mkono, nikamrudishia. Nilidhani ni huruma. Siku ya ukaguzi karatasi zote thelathini zilikuwa na mkono mmoja, wangu. Mkaguzi alinipongeza.

Mleta uzi

Ninagusa, mzee. Kila siku. Hata juzi.

Mchangiaji wa tano, Arusha

Naomba niongeze mfano wa mbali kidogo, kwa sababu unahusu hadibodi ile ile aliyochorea Tingatinga. Mchoraji Josef Albers alikuwa mwalimu karibu maisha yake yote: alifundisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu nchini Ujerumani, kisha Black Mountain College na Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Mwaka 1950, akiwa na miaka 62 na bado akifundisha, alianza mfululizo wa picha za miraba iliyowekwa ndani ya miraba, akaendelea nao hadi alipofariki mwaka 1976, na picha hizo zilipita elfu moja. Alizichora kwenye hadibodi, upande wake usio laini, kwa kisu cha rangi, na rangi akaitoa kwenye tyubu bila kuichanganya.

Ninamtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kukupinga: huyu hakutenganisha somo na picha. Aliwapa wanafunzi wake swali la jinsi rangi moja inavyobadilika ikikaa karibu na nyingine, kisha akaenda nyumbani kulihangaikia swali hilo hilo. Tofauti ni kwamba alifundisha swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalimaliza. Wewe unafundisha chungu ulichokimaliza miaka tisa iliyopita. Pengine cha kubadilisha ni somo.

Ya pili ni ya kazi tu. Nyuma ya kila ubao Albers aliandika rangi alizotumia na jina la mtengenezaji. Mimi nimeiga hilo, na limenisaidia kuliko ratiba yoyote. Kabla ya kuondoka kwenye picha siku ya Jumapili ninaandika nyuma yake kwa penseli: rangi gani nimechanganya, kwa kiasi gani, na ni sehemu ipi inanisumbua. Nikirudi Alhamisi, baada ya siku tatu za kelele za darasani, sianzi kwa kujiuliza nilikuwa wapi.

Mwisho, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, anajulikana kwa usemi wake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Tumezoea kuwaambia wanafunzi wasinakili wenzao. Mwalimu yeye hujinakili mwenyewe, na hakuna wa kumkamata isipokuwa fundi fremu.

Mchangiaji wa pili

Bado nasema Jumamosi irudi mikononi mwako. Lakini nakubali kwamba sikuwa nimeisoma hoja ya mwanga kwa makini.

Mleta uzi: mrejesho

Ndugu zangu, ni majuma saba tangu niandike, na baadhi yenu mmeniuliza kwenye ujumbe wa faragha nimefikia wapi. Nitaeleza yaliyofanyika, ambayo si mengi.

Niliacha kugusa karatasi. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso, kwa sababu mkono ulikuwa ukienda wenyewe. Nililazimika kutembea kati ya madawati nikiwa nimefumbata mikono mgongoni kama msimamizi wa mtihani. Sasa nikitaka kumwonyesha mwanafunzi jambo, ninalichora pembeni kwenye kipande changu cha karatasi na ninaondoka nacho.

Nimehamisha meza. Lilikuwa wazo la Arusha, ingawa hakulisema hivyo. Chungu nimekiweka dirishani kwenyewe, mwanga ukiwa nyuma yake, na wanafunzi wakakuta kitu cheusi chenye ukingo unaowaka. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliuliza kivuli kiko wapi. Nilifungua mdomo nimjibu, nikagundua kwamba kivuli kilikuwa kinakuja kwetu, kimelala juu ya meza kuelekea tumboni mwake, na kwamba sijawahi kukichora hivyo mbele ya darasa. Nilimwambia nitajaribu naye. Mchoro wangu wa siku ile ulikuwa mbovu, na darasa halikupiga kelele kama nilivyoogopa. Walikuwa wanatazama kama nitauweza.

Jumamosi imebaki, mkuu wangu wa pili, nisamehe. Nilichobadilisha ni kwamba watoto sasa wanaanza saa nne badala ya saa mbili, na mimi ninakuwa Kunduchi kuanzia saa kumi na mbili. Naenda na rangi ya mafuta, kwa ushauri wa dada wa Mombasa, na kipande cha hadibodi cha sentimita 30 kwa 30 kilichopakwa rangi nyeupe siku mbili kabla. Saa tatu ninafunga sanduku. Wavuvi wameacha kuniuliza ninauza bei gani. Vipande vitatu vya kwanza nimevikwangua. Cha nne kina mwanga wa kushoto, sijui ulipenya wapi, na nimekiweka jikoni kama onyo.

Cha tano nilikipeleka Mwenge juzi. Ni ngalawa mbili, au pengine moja na kivuli chake majini, sijaamua, na anga ya chini ina rangi ambayo nyuma ya ubao nimeiandika kwa maneno manne na bado si yenyewe. Fundi alikishika kwa ncha za vidole kwa sababu pembe moja ilikuwa bado mbichi, akakigeuza mara moja, akakigeuza tena, kisha akaniuliza upande wa juu ni upi. Nikamwonyesha. Akapima, akaandika namba kwenye kiganja, akasema fremu itakuwa tayari Alhamisi alasiri, wakati ambao nina vipindi viwili.